Kabla ya kuandikia Geneva, tazameni kama Kenya imekubali kushtakiwa huko

Msitume malalamiko hayo, na kama fedha za mchango bado ziko kwa mweka hazina wenu, zibaki hapo hapo. Mtoa mada anasema chama chao kimeazimia kuishtaki Kenya mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi wa Rangi, iliyoko Geneva, kwa sababu vijana wa Kinubi (jamii ya Kenya yenye asili ya Sudan) wanapigwa msasa, yaani wanahojiwa kuthibitisha uraia wao, kabla ya kupewa vitambulisho ilhali wenzao wa mtaa huo huo hawaulizwi lolote. Anauliza waraka uandikwe kwa lugha gani, kama wakili wa hapa anatosha, na waliozaliwa nyumbani bila cheti waingizwe vipi. Waraka huo hautasikilizwa hata ukiandikwa na wakili bora duniani.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi, unaosimamiwa na Kamati hiyo, mwaka 2001, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Nchi kuridhia mkataba ni jambo moja, na nchi kukubali kushtakiwa na watu wake mbele ya Kamati ni jambo jingine, kwa sababu Kifungu cha 14 kinataka itoe tamko maalumu la kuiruhusu Kamati kupokea malalamiko ya mtu binafsi au kikundi. Senegal, Algeria, Afrika Kusini na Morocco zimetoa tamko hilo. Kenya haijalitoa. Wala msikimbilie Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mkidhani ni njia ya mkato, kwani Kenya haijajiunga na itifaki ya hiari, yaani mkataba wa nyongeza, inayoruhusu malalamiko huko.

Sisi huku Pwani tulipotoshwa na mshauri aliyelipwa kwa michango ya wanachama. Alisimama mbele yetu na Katiba mkononi, akasoma Kifungu cha 2(6) kisemacho kwamba mikataba iliyoridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya, kisha kutoka hapo akaruka moja kwa moja hadi Geneva. Kifungu hicho hicho kilikuwa kinatuelekeza Mahakama Kuu! Mtu anayelipwa kwa sababu anajua sheria hana udhuru wa kutoangalia orodha ya nchi zilizotoa tamko, nayo iko wazi kwa yeyote mwenye simu, na hadi leo nikikumbuka jinsi alivyotutuliza kila tulipomuuliza maswali, hasira zinanipanda.

Fedha zilituuma, lakini hasara kubwa ilikuwa muda. Tulipokuwa tukingojea waraka ukamilike, hatukupinga uamuzi hata mmoja wa ofisi ya usajili, kwa kuwa tuliambiwa Geneva ingemaliza yote. Binti mmoja aliyekuwa na barua ya kujiunga na chuo aliketishwa mbele ya chifu, wazee na afisa wa usalama, akatakiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake, mtu aliyezaliwa kabla ya yeyote kuandikisha vizazi kijijini kwao. Alileta kipande cha babu, yaani kitambulisho cha enzi za mkoloni, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, akaambiwa hakitoshi, akarudishwa nyumbani bila hata mstari mmoja wa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inampa haki ya kudai sababu kwa maandishi, na mshauri wetu hakuwahi kuitaja. Mzee aliyekuwa shahidi wetu mkuu alifariki kabla ya kula kiapo, na ushahidi wake ukapotea naye.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, ulizeni: je, nchi imekubali chombo hiki kipokee malalamiko kutoka kwa watu kama sisi? Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haihitaji tamko la ziada, na Kenya iliridhia Mkataba wa Afrika mwaka 1992. Ndiyo maana Wanubi walipeleka shauri lao huko mwaka 2006 wakashinda mwaka 2015, na shauri la watoto wa Kinubi likashinda mwaka 2011 mbele ya Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto. Kilichowabeba ni kwamba walikuwa wameanza mahakama za nyumbani, kama vyombo hivyo vinavyotaka, na kesi ya Nairobi ilikuwa imekwama kwa miaka. Hata Arusha, iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kanuni ni ile ile: Kenya imeikubali Mahakama hiyo lakini haijaruhusu watu binafsi kuifikia moja kwa moja, na Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, waliifikia kwa sababu Tume ndiyo iliyowapelekea kesi, wakapata hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 iliyotamka kwamba walibaguliwa.

Geneva itawafaa kwa ripoti mbadala, yaani ripoti ya wananchi kando ya ile ya serikali, wakati Kenya inapochunguzwa na Kamati. Mwaka 2011 Kamati hiyo ya ubaguzi wa rangi iligusia usumbufu wa Wanubi, Wasomali na Waarabu wa Pwani kuhusu vitambulisho, na maneno kama hayo yananukulika mahakamani, ingawa hayatampatia kijana wenu kitambulisho.

Wiki hii kila kijana aliyekataliwa aiandikie ofisi ya usajili akidai sababu, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, hiyo nakala ndiyo kielelezo cha kwanza cha ombi lenu Mahakama Kuu chini ya Vifungu vya 22 (kudai haki mahakamani) na 27 (usawa) vya Katiba, pamoja na Kifungu cha 5 cha Mkataba wa kupinga ubaguzi, ambacho kinataja haki ya uraia kwa jina na kupitia Kifungu cha 2(6) kinaweza kutumika hapa hapa Kenya bila ruhusa ya Geneva.