Naitrasi kwenye gari dogo: petroli kwanza, mtungi baadaye

Karibu kila anayeanza mbio za dragi, zile za kuchomoka kwenye mstari mnyoofu, na gari dogo lenye naitrasi (gesi ya nitrous oxide ya kuongeza nguvu ya injini), huuliza kwanza ataongeza farasi ngapi, yaani nguvu-farasi (hp). Swali hilo liweke mwisho. La kwanza ni kama pampu yako ya mafuta inaweza kuzilisha farasi hizo.

Naitrasi yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Ndani ya silinda, joto likifika nyuzi 300 hivi za Selsiasi, gesi hiyo huvunjika na kuachia oksijeni yake, ambayo ni asilimia 36 ya uzito wake. Hewa tunayovuta ina asilimia 23 tu. Oksijeni hiyo ya ziada inadai petroli ya ziada. Ikiikosa, joto linapanda kupita kiasi, injini inaanza kugonga, na pistoni inatoboka kabla hujamaliza gia ya tatu. Watu watasema naitrasi imeua injini. Mara nyingi kilichoiua ni njaa ya petroli.

Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote, pima kompresheni ya silinda zote, badilisha chujio la mafuta, na hakikisha presha ya petroli haishuki ukikanyaga hadi mwisho. Funga pia swichi inayokata gesi presha hiyo ikishuka. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na injini.

Kuna mifumo ya aina mbili utakayokutana nayo. Ule mkavu unapuliza gesi peke yake, na petroli ya ziada inaongezwa na injekta za gari. Ule wa majimaji unapuliza gesi na petroli pamoja kupitia nozeli moja. Wa pili ni rahisi kuupatia vipimo, ila manifoldi (bomba la kugawia silinda hewa) za magari mengi madogo zimetengenezwa kupitisha hewa tu. Petroli ikituama humo ndani, cheche ikirudi nyuma manifoldi inapasuka. Mimi bado namshauri anayeanza achukue wa majimaji, nozeli ikae karibu na throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali), na gesi isifunguke kamwe injini ikizunguka polepole.

Hapo kwenye mzunguko ndipo wengi wanapoumia. Jeti (kitundu kinachopima gesi) ya farasi 50 inaongeza takriban farasi 50 hizo hizo, injini izunguke taratibu au kwa kasi. Lakini msukumo wa kuzungusha, yaani torki, haulingani. Kwa mizunguko 5000 kwa dakika, farasi hizo ni kama Nm 71 za ziada. Kwa mizunguko 2500 ni Nm 142, yaani karibu sawa na msukumo wote ambao injini ya lita 1.6 isiyo na turbo hutoa yenyewe. Mikono ya pistoni hupinda hapo. Weka swichi ya mizunguko ifungue gesi kuanzia 3500 na kuikata kabla injini haijafika kikomo chake, na nyingine inayoruhusu gesi pale tu throto imefunguka yote.

Kwa injini ya silinda nne ambayo ndani haijaguswa, anza na farasi 35. Ukipanda hadi 50, rudisha taimingi (wakati wa cheche ya plagi) nyuma nyuzi 2 hivi, weka plagi za baridi zaidi kwa daraja moja, punguza uwazi wake kidogo, na tumia petroli ya okteni ya juu.

Mtungi nao una tabia zake. Presha nzuri ni psi 900 hadi 1000. Ukiwa baridi presha inashuka, gesi inapungua, petroli inazidi na gari linakuwa zito. Ukipata joto sana mambo yanageuka, na upande huo ndio wa hatari. Tumia blanketi la umeme la mtungi, siyo moto, hata kama jirani yako kwenye foleni anatumia moto. Ulaze vali ikielekea mbele ya gari na imeinuka kidogo, ili gari likichomoka naitrasi, ambayo mtungini ni kimiminika, ikimbilie nyuma, kwenye mdomo wa bomba la ndani. Sahani ya usalama, inayopasuka presha ya mtungi ikizidi, itoe gesi nje ya gari kwa bomba.

Magari mengi madogo huvutwa na tairi za mbele, na gari likiondoka uzito unarudi nyuma. Ukifungua gesi kwenye gia ya kwanza utachoma tairi tu huku mwenzako anaondoka. Subiri gia ya pili ishike. Mita 402 za mbio zinatosha.

Ukimaliza mbio, zima injini hapo hapo, usirudi ikiunguruma, kisha toa plagi uzitazame kwa lenzi. Ukiona chembe ndogo zinazong'aa kwenye kauri, hiyo ni alumini ya pistoni. Funga mtungi, gari lirudi kwa fundi, na usiongeze jeti mpaka ijulikane petroli ilipungukia wapi.