"Jamii inaamini" au "jamii wanaamini"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasomea maendeleo ya jamii ngazi ya stashahada, na sasa niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya kata moja hapa mkoani Tabora. Niliandika taarifa yenye sentensi hii: "Jamii wanaamini kwamba tumbaku ndiyo mkombozi wao." Afisa anayenisimamia akaizungushia kalamu nyekundu, juu yake akaandika "inaamini" na "wake". Nikamwambia jamii ni watu, akanijibu sarufi haina mjadala. Mbona redioni nasikia "jamii wabadilike"? Halafu darasani tunafundishwa mitazamo mitatu mikubwa ya sosholojia kwa Kiingereza. Nikitaka kuieleza kwa Kiswahili nitumie maneno gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye sarufi afisa wako yuko sahihi. Kusema haina mjadala, hapo kateleza kidogo, na tutafika.

"Jamii" iko kwenye ngeli ya I-ZI: jamii hii inakua, jamii hizi zinakua. Nadhani kinachokusumbua ni mbuzi. Mbuzi naye kwa umbo ni wa I-ZI hiyohiyo, lakini kwa kuwa anapumua tunasema "mbuzi amekufa", hatusemi "mbuzi imekufa". Ukajiuliza: ikiwa mbuzi anapewa a-, watu wa kata nzima wanyimwe wa- kwa kosa gani? Ni kwamba upatanisho wa A-WA humfuata kiumbe mmojammoja. Ukishataja kusanyiko, neno linarudi kwenye ngeli yake. Ndiyo maana tunasema "kundi la ng'ombe limevuka reli", "ukoo umekaa kikao", "timu imefungwa". Waliofungwa ni vijana kumi na mmoja wanaotoka jasho, lakini timu yenyewe haina pua.

Linganisha na ndugu yake, "jamaa". Yote mawili yametoka Kiarabu, kwenye mzizi mmoja wenye maana ya kukusanya, uleule uliotupa "jumuiya" na "Ijumaa". Ila "jamaa" tumekwisha kumgeuza mtu: "jamaa mmoja kanipita na baiskeli", "jamaa zangu wamefika kutoka Urambo". Itazame hiyo ya pili. Kitenzi kimechukua wa-, kimilikishi kimebaki na z-, na hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hivyo. "Jamii" haikupita njia hiyo. Huko Kiarabu neno lilibeba maana ya "wote", na hata leo bwana shamba wa kata yako akikwambia karanga ni "zao jamii ya mikunde" anazungumzia kusanyiko la vitu vya aina moja. Redioni wanasema "jamii wabadilike" kwa sababu kichwani wana watu. Kwenye mazungumzo simkosoi mtu. Kwenye karatasi ya ofisi, ukitaka watu waonekane, andika "wanajamii" au "wananchi", hapo wa- inapata pa kukaa.

Sarufi imeishia hapo. Somo lako ndipo linapoanza, kwa sababu "jamii inaamini" na "wanajamii wanaamini" ni madai mawili tofauti kabisa.

Émile Durkheim, Mfaransa, angeichukua sentensi ya afisa wako bila kusita. Mwaka 1895 aliandika kwamba mambo ya kijamii yachunguzwe kama vitu: yako nje ya mtu, yanamtangulia, yanamlazimisha. Mojawapo ya mifano yake ni lugha, ambayo kila mtu anaikuta. Mbuzi wetu anafaa kuwa shahidi hapa. Hakuna aliyeketi Tabora akaamua mbuzi apewe a-, wala hakuna sheria ya kukufunga ukikataa. Lakini jaribu kusema "mbuzi imekufa" mbele ya wenzako uone watakavyokucheka. Kicheko hicho ndiyo nguvu aliyokuwa anaizungumzia. Kwa Durkheim, jamii ni zaidi ya watu wake ukiwajumlisha, kwa hiyo inaweza kuamini, kukataza, kuadhibu. Yote kwa i-.

Max Weber wa Ujerumani, aliyefariki mwaka 1920, angesimama upande wako, ingawa angekubadilishia neno. Kwake, dola, kampuni au ukoo ni njia fupi tu ya kusema. Wanaotenda ni watu, na kazi ya mwanasosholojia ni kuelewa maana wanayoiweka katika matendo yao. Angekuandikia: "Wakulima niliozungumza nao wanaamini." Sentensi hiyo inakuja na deni, maana msomaji atauliza ulizungumza na wangapi. "Jamii inaamini" haiulizwi swali hilo, na nina wasiwasi ndiyo sababu inapendwa sana kwenye taarifa zetu.

Karl Marx angekamata neno lako la mwisho, "wao". Mkombozi wa nani? Yuko mwenye ekari kumi na mabani mawili ya kukaushia. Yuko jirani yake mwenye ekari moja, aliyelima kwa pembejeo za mkopo zinazokatwa kabla hajashika senti. Yuko kibarua anayekata kuni za bani, ambaye mzani wa tumbaku anausikia tu. Iko na kampuni inayonunua. Umewafunga wote kwenye mzigo mmoja ukauandika "jamii". Kiswahili kimekupa neno "tabaka", na mimi nalipenda kwa sababu lina picha ndani yake: tabaka la udongo, moja limelala juu ya jingine, la chini ndilo linalobeba.

Mtazamo huu wa Marx, ambao kwa Kiingereza ni conflict theory, wapo wanaouita "nadharia ya migogoro". Mimi jina hilo silitumii. Mgogoro masikioni mwetu ni kesi ya mpaka wa shamba, au wakulima na wafugaji. Jambo linazuka, mkuu wa wilaya anakuja, linasuluhishwa. Marx alizungumzia kuvutana kulikomo ndani ya mfumo hata siku ambayo hakuna aliyepandisha sauti. Andika "mtazamo wa ukinzani".

Ule mtazamo unaouliza kila desturi inafanya kazi gani katika kuishikilia jamii, yaani functionalism, neno lake lililokwisha kukaa ni "uamilifu". Litamke polepole. Nimewahi kusahihisha insha ya kurasa sita iliyoandika "nadharia ya uaminifu" mwanzo hadi mwisho, na ajabu ni kwamba sehemu kubwa ilieleweka. Kazi yenyewe ambayo desturi inaifanya iite "dhima".

Nikupe mfano, maana maneno haya yakikaa peke yake yanakauka. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msibani Isevya, hapo Tabora mjini. Jeneza limefika, kaburi liko tayari, na mtani wa marehemu akashuka mle ndani akajilaza chali, mikono kifuani. "Huyu ana deni langu. Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe." Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua uso, akacheka. Akatoa noti ya elfu mbili. Mtani akaielekeza juani kama anayekagua feki, kisha akatangaza kwamba kwa hiyo anatoa mguu mmoja tu. Ikaongezwa nyingine. Akatoka, akajikung'uta udongo, akashika chepe kama wenzake.

Mwamilifu angefurahi sana siku hiyo. A. R. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliandika mwaka 1940 kwamba utani huwawezesha watu wenye sababu za kushikamana na pia sababu za kutengana waishi pamoja bila kugombana. Na Robert Merton wa Marekani akaja mwaka 1949 kutenganisha dhima dhahiri na dhima fiche. Ukimwuliza mtani, atakwambia ni mila, au alitaka kuwachangamsha wafiwa: hiyo ni dhahiri. Kwamba koo mbili zimethibitishana mbele ya watu kuwa bado ni za karibu kiasi cha kutukanana kaburini, hiyo ni fiche. Mtu wa ukinzani angetazama kwingine: ni nani pale asingethubutu kushuka kaburini? Mkwe asingeweza. Utani una mipaka yake, na mipaka hiyo kuna anayefaidika nayo.

Lakini swali ninalolipenda ni la mtazamo wa tatu, symbolic interactionism, wa watu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Yule kijana alijuaje kwamba hatukanwi? Mgeni angeita polisi. George Herbert Mead alifundisha huko hadi alipofariki mwaka 1931, na mwanafunzi wake Herbert Blumer ndiye aliyeupa mtazamo huu jina mwaka 1937. Wanasema maana haikai ndani ya kitendo chenyewe. Watu huitengeneza na kuithibitisha katika kushughulikiana. Kwa Kiswahili utakuta umeandikwa "mwingiliano wa kiishara", na hapo ndipo ninapogombana na wafasiri. Mead alitofautisha mambo mawili. Mbwa wawili wanapotunishiana, mmoja akionyesha meno mwingine anarudi nyuma, lakini hakuna anayewaza kile kitendo kina maana gani kwa mwenzake. Hizo ni ishara. Binadamu amevuka hapo: anafanya kitendo akijua mwenzake atakisoma vilevile anavyokisoma yeye. Ukiita vyote viwili "ishara", umefuta tofauti ambayo nadharia imejengwa juu yake. Walimu wa fasihi wana neno "taashira", nasi tuliazime: "mwingiliano wa kitaashira". Mbwa tuwaachie ishara yao. Kulala kaburini ni taashira.

Jina la somo hukuliuliza, ila najua barua inayofuata itakuwa hiyo. "Sosholojia" na "elimujamii" yote yanatumika. Wanaolikataa la kwanza kwa kuwa ni la kigeni wakumbuke lilikotoka: Auguste Comte, Mfaransa, alilichapisha mwaka 1839 akiunga Kilatini na Kigiriki, na wasomi wa lugha hizo walilalamika kwamba ni chotara. Waarabu huliita kwa neno la mzizi uleule wa "jamii", na Ibn Khaldun wa Tunis alikuwa ameandika mambo ya namna hii tangu mwaka 1377 kwa jina lake mwenyewe, umran, yaani ustawi wa makazi ya watu. Mimi huandika "sosholojia" kwa sababu "mwanasosholojia" linatamkika, wakati "mwanaelimujamii" linanichosha ulimi. Chagua moja, usiyachanganye kwenye ukurasa mmoja.

Sasa taarifa yako. Kama mazungumzo yako kijijini yaliishia kwa wenye mabani, kama ninavyohisi, ningeiandika hivi: "Wakulima wenye mabani niliozungumza nao wanaamini kwamba tumbaku ndiyo mkombozi wao, vibarua wa kuni sikuwauliza." Imerefuka kidogo, lakini wa- zote ni halali.