Jasusi Wangu wa Berlin Alivyoniaibisha

Jumapili nilipata ujumbe wa dada mmoja, msomaji wa riwaya yangu ya kijasusi, ile ya Berlin mwaka 1931. "Kaka, hongera kwa kazi. Ila hao Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, waliomkamata jasusi wako walitoka wapi? Si walianzishwa 1933? Nikakifunga kitabu hapo."

Chai ikapoa mbele yangu. Nimechapa nakala 200 kwa pesa yangu, nimeuza 140 kwa mkono wangu, na wanaojiita waandishi wakubwa wengi hawajafika hapo. Leo mtu ananifungia kitabu kwa ajili ya miaka miwili!

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikaanza kwa kukifungua mwenyewe. Ukurasa wa 40 jasusi bado hajafanya lolote, mimi namhubiria msomaji Mkataba wa Versailles uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha mfumuko wa bei wa 1923, dola moja kwa marki trilioni 4.2. Yote kweli, na yote yananuka maktaba. Jasusi mwenyewe ni koti refu na bastola. Sijui hata asubuhi anakula nini.

Kinachoniuma zaidi, jasusi wa kweli nilikuwa naye kwenye daftari nikamwacha. Hans-Thilo Schmidt, karani wa ofisi ya jeshi ya maandishi ya siri hapo hapo Berlin, kazi aliyotafutiwa na kaka yake, Rudolf, ofisa wa jeshi. Mshahara haumtoshi, starehe anazipenda. Novemba 1931 akaenda Verviers, Ubelgiji, akawauzia Wafaransa maelekezo ya Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandika ujumbe wa siri. Wao hawakufika nayo mbali, wakawapa Wapolandi, na mwishoni mwa 1932 mwanahisabati wao, Marian Rejewski, akaufumbua mfumo wake kwa hesabu. Bila risasi hata moja. Karani, njaa ya pesa, na kaka anayemwamini. Mimi nikamwona hana mvuto!

Basi ninyi wenzangu mnaoota kuona jina lenu kwenye jalada: kagueni miaka. Ofisi hiyo ilikuwepo mwaka huo? Cheo hicho je? Mkimaliza, kagueni tena. Na jasusi apewe deni kabla ya bastola. Siku hizi tunakimbilia jalada, kazi yenyewe tunaipuuza, halafu tunalalamika Waswahili hawasomi! (Jalada langu nililipia nikiwa sura ya tano.)

Yule dada nilimjibu jana usiku: "Asante, umenisaidia. Ukurasa wa 41 kuna mapigano mazuri." Tiki mbili za bluu. Kimya.