Usilipie daftari la maneno 3,000: kwa aliyeuliza kuhusu kozi ya Kiingereza ya miezi mitatu

Usilipe hizo fedha. Umeandika kwamba umemaliza kidato cha nne, unaishi Ngaramtoni, unataka kuongoza watalii, na kwamba Jumatatu unapeleka shilingi 350,000 kwenye kituo kimoja cha hapo Arusha kitakachokupa daftari la maneno 3,000 yenye tafsiri zake za Kiswahili, uyakariri kwa miezi mitatu, ndipo uanze kusikiliza na kuzungumza. Umeuliza pia kuhusu kusoma magazeti, kuhusu lafudhi ipi uifuate na kuhusu programu nzuri ya simu. Hayo yanaweza kusubiri. Jumatatu haisubiri.

Daftari la aina hiyo nalijua, mdogo wangu, kwa sababu nililikariri. Nilikuwa mpagazi hapa Moshi, nikaweka akiba ya safari sita za mlimani, nikampa mwalimu aliyefundisha katika chumba kimoja nyuma ya maduka. Kila jioni alitupa maneno hamsini, tukayaimba kwa pamoja, neno na maana yake, kisha kesho yake tukasikilizwa kama watoto wa madrasa. Tulipomwuliza ni lini tutasikiliza Kiingereza chenyewe, alitujibu kwamba tujaze kichwa kwanza, masikio yatafuata yenyewe. Kwa miezi mitano hakuwahi kutuchezea hata dakika moja ya sauti ya mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza. Bado ninamkasirikia, na sioni sababu ya kuificha hasira hiyo, kwa sababu alichukua fedha za vijana waliobeba mizigo ya watu kichwani, akawauzia kitu ambacho wangekipata bure katika kamusi yoyote.

Nilifuzu vizuri. Nilijua maneno zaidi ya elfu mbili, nikasoma matangazo na fomu bila shida, na kampuni moja ikanipandisha kuwa msaidizi wa mwongozaji. Usiku wa kwenda kileleni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu tuliondoka kambi ya Kibo karibu saa sita, nikapewa wageni wawili wa mwisho, mmoja wao mama wa makamo kutoka Marekani. Tulipopumzika kwenye Pango la Hans Meyer nilimwuliza hali yake kama nilivyofundishwa. Akaniambia jambo kuhusu vidole vyake vya miguu, nami nikasikia kwa uwazi kabisa kwamba anavihisi vizuri. Nikamwambia "very good", nikamshika mkono, tukaendelea kupanda.

Alikuwa amesema havihisi.

Tulipanda karibu saa nzima zaidi kabla mwongozaji mkuu hajarudi nyuma, akamwuliza swali lile lile, akamketisha palepale juu ya jiwe na kumvua viatu. Vidole vilikuwa vyeupe kama nta. Aliteremshwa usiku huo huo, na baadaye niliambiwa kwamba vidole vilipona, lakini uso wa yule mama aliponitazama, akijua kwamba alinieleza na mimi nikampongeza, bado ninauona. Kampuni haikunipigia simu kwa misimu miwili. Hilo ndilo lililokuwa gharama halisi ya daftari langu, wala si ada niliyolipa.

Nieleze kilichotokea, maana ndicho kitakachokupata. Yule mama alitumia "can't", yaani siwezi, nami nikasikia "can", yaani naweza. Shuleni tulizoea kwamba "can" ni "keni" na "can't" ni "kaanti", kwa namna ya Waingereza. Wamarekani wengi hawasemi hivyo. Mmarekani anapokubali kwamba anaweza, "can" yake humezwa hadi inabaki kama "kn" isiyo na irabu ya kushika. Anapokanusha, neno hutamkwa kwa nguvu, kwa irabu iliyo wazi inayofanana na ile ya "keni" yetu, na "t" ya mwisho mara nyingi hukatiwa kooni isisikike. Kwa hiyo ile "keni" niliyoisikia wazi mlimani ndiyo hasa iliyokuwa "siwezi". Hakuna ukurasa wa daftari unaoweza kukufundisha jambo hilo, kwa kuwa kwenye karatasi maneno hayo mawili yanatofautishwa na herufi ambayo mdomoni huenda haipo.

Wala si maneno hayo mawili tu. Kiswahili kina irabu tano, na kila silabi tunaitamka kwa haki yake, huku mkazo ukikaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu karibu 20 zinazoandikwa kwa herufi tano zile zile, na silabi isiyo na mkazo humezwa. Ndiyo maana mtu aliyejifunza kwa macho anatamka "comfortable" kwa silabi nne au tano, kisha mzungumzaji anapoitamka kwa silabi tatu anadhani ni neno jipya. Ndiyo maana pia "though", "through", "cough" na "enough" zimefanana mwandiko na hazifanani kabisa masikioni. Tafsiri ya Kiswahili nayo inakudanganya kwa njia nyingine. Niliandika kwamba "get" ni kupata, kisha mgeni akasema "get down", "get back" na "I get it" ndani ya nusu saa, nami nikabaki kutafuta ni kitu gani alichokipata.

Kanuni niliyotoka nayo huko ni hii, na ninakuomba uishike hata ukisahau mengine yote: usikariri neno ambalo sikio lako halijalisikia, na kipande kimoja kisikilize mara nyingi kabla ya kuhamia kingine.

Kwa vitendo nilifanya hivi. Nilichukua vipindi vya BBC Learning English vya dakika sita, kwa sababu vina maandishi yake kamili na havina malipo. Kabla ya hapo nilianza na VOA, ambayo tangu mwaka 1959 ilikuwa na matangazo ya Kiingereza chepesi, yaliyosomwa polepole kuliko kawaida kwa msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500. Siku ya kwanza nilisikiliza bila maandishi, mara tatu, nikaandika kila nilichoshika hata kama ni vipande. Siku ya pili nilisikiliza huku nikifuata maandishi kwa kidole, nikapigia mstari kila neno ambalo nililijua kwa macho lakini sikio langu lililipita. Maneno hayo ndiyo yaliyonitia uchungu, maana karibu yote yalikuwa ndani ya daftari. Siku ya tatu na ya nne nilisoma kwa sauti nyuma ya msemaji, nikimeza alipomeza na kukaza alipokaza. Siku ya tano niliacha maandishi, nikasikiliza ndani ya daladala ya kwenda Himo penye kelele zote, kwa sababu mlimani nako kuna upepo. Kipindi kimoja kwa wiki kilinitosha. Mwezi wa tatu nilianza kusikia mahali neno moja linapoishia na jingine linapoanzia, na baada ya miezi minane hivi nilikuwa ninafuata mazungumzo ya wageni mezani bila wao kupunguza mwendo.

Kusoma nako kuwe kwepesi. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wasomaji wengi huhitaji kujua maneno 98 katika kila 100 ili waelewe hadithi vya kutosha bila msaada, kwa hiyo ukikuta maneno matano mageni katika aya moja fupi, weka kitabu hicho chini. Tafuta hadithi zilizorahisishwa kwa ngazi. Uliza katika maktaba ya mkoa.

Na katika mazungumzo, usipokee jibu lolote la "naweza" au "siwezi" kwa kutikisa kichwa. Lirudishe kwa mwenyewe kwa maneno mengine: "You feel them, yes or no?" Mimi hufanya hivyo mpaka leo kwa kila mgeni, hata nikiwa na hakika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchukia.

Kabla ya Jumatatu nenda kwenye hicho kituo, omba kuketi nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, na uhesabu dakika ambazo wanafunzi wanasikiliza sauti nyingine zaidi ya ya mwalimu wao. Kama hazipo, chukua shilingi 20,000 kati ya hizo 350,000 ununue hedifoni nzuri na bando, uanze jioni hiyo hiyo. Ukikwama kwenye kipindi cha kwanza, niandikie sentensi uliyoshindwa kuisikia, nitakueleza ni sauti gani imemezwa na kwa nini.