Shangazi Ajibu: Mume Wangu Amewarudisha Paka Bila Kuniaga

Shangazi, naishi Tudor, Mombasa, na ni mlezi wa muda wa paka wanaookolewa na kituo kimoja cha hapa mjini. Wiki kumi zilizopita nilipewa watoto wanne wa wiki mbili, mama yao aligongwa na tuktuk. Walinyonyeshwa kwa chupa usiku na mchana mpaka wakapendeza. Kituo kikawapatia watu wa kuwachukua, ila kila kilipopiga simu walikuwa bado wanaharisha. Juma lililopita nimetoka kazini nikakuta mume wangu amewarudisha wote. Hakuniomba hata msamaha. Aliosha kapu, akakaa barazani akaninunia, na chakula hakukigusa. Nimelia mpaka nimeugua. Mtume (S.A.W.) aliwahurumia paka, huyu ana imani gani? Nataka kuhamia kwa mama. – Mwenye Majonzi

Pole, mwanangu. Anayelea viumbe wachanga kisha akawatoa huumia, na maumivu hayo si wazimu, hata kama majirani wanakucheka kwamba unamlilia paka katika mji ambao kila uchochoro una paka wake. Pole yangu naikomesha hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiirudia mumeo anazidi kupata haki.

Nianze na sarufi yako. Ulipolia umeandika "nimelia", na ulipougua umeandika "nimeugua", lakini tulipofika kwenye kazi ya usiku, paka "walinyonyeshwa", kana kwamba chupa ilikuwa ikijiendea yenyewe. Mtoto wa paka wa wiki mbili hula kila baada ya saa tatu au nne, na hapewi maziwa ya ng'ombe, ambayo humharisha, bali ya unga maalumu yanayokorogwa kwa maji ya uvuguvugu. Akishiba hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu ndipo akojoe, kwa maana katika umri huo hawezi bila ulimi wa mama yake. Ni watoto wanne, kila mmoja kwa zamu yake, saa tano ya usiku, saa nane, saa kumi na moja alfajiri, na wewe asubuhi unakwenda kazini. Nani alikuwa akiamka? Ingekuwa ni wewe, ungeniandikia kurasa mbili.

Halafu huko kuharisha. Paka mchanga huishiwa maji mwilini upesi mno, na anayeharisha wiki tatu mfululizo hubebwa mbio kwa daktari. Daktari huyo simwoni popote katika barua yako. Wale paka waliharisha kwenye simu tu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako iliishia mlangoni pa nyumba ambayo huenda mtoto wa watu alikuwa amekwisha kuandaliwa paka wake na akawa anaambiwa kila Jumamosi asubiri. Wiki nane zilipotimia walikuwa wanajilia wenyewe na wakati wa kuhama umefika. Zile tatu ulizoongeza zilikuwa zako, hazikuwa zao. Tena paka jike hubeba mimba kwa wiki tisa tu na kwa mwaka mmoja aweza kuzaa mara mbili au tatu, kwa hiyo nyuma ya hao wanne kuna wengine ndani ya boksi wanaolisubiri kapu lako. Kituo hakikukupa paka. Kilikupa amana.

Umemtaja Mtume, nami siwezi kupita kimya. Ni kweli dini inatuhimiza kuwahurumia. Lakini ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka inasema kwamba alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Wewe umelisha, na sikufananishi na yule. Hata hivyo, hilo la kutomwacha limo ndani ya hadithi, na anayetaka kumpimia mwenziwe imani asiisome nusu.

Sasa hilo unaloliita kununa. Mwanamume amewabeba paka wanne peke yake, saa ambazo haupo ili usione, amerudi na kapu tupu, ameliosha, kisha amekaa barazani na chakula kimempita. Mwanangu, huko si kununa, huko ni kufiwa. Aliyenuna hula, tena hula huku akisonya. Ndoa za siku hizi zimekuwa mashindano ya machozi: anayelia kwa sauti ndiye mwenye msiba, anayenyamaza anaitwa jiwe, na hakuna anayeuliza ni nani aliyefua vitambaa. Kosa lake ni moja, kutokukuaga, na hilo akuombe radhi. Ila najua angekuaga ungemwambia nini. Ungemwambia bado wanaharisha.

Kwa mama usihamie, maana utamweleza habari hizi kama ulivyonieleza mimi na atakuamini. Kipigie simu kituo, useme ukweli wa zile wiki tatu kabla hawajausikia kwingine. Omba picha moja baada ya mwezi, wala usiende kuwatembelea sasa, kwa sababu wana wenyewe wapya wa kuzoeana nao. Mwezi huu usichukue wengine. Ikiwa unataka paka wa kukaa nawe daima, liseme waziwazi na mpatane nyumbani, kisha mchukue paka mkubwa ambaye watu humpita wakikimbilia wadogo. Mkirudi kulea, vyombo vyote vioshwe kwa dawa ya klorini, kwa kuwa virusi vya panleukopenia, ugonjwa wa paka wa kuharisha na kutapika, hudumu nyumbani kwa miezi mingi. Kapu, kama ulivyoandika mwenyewe, limekwisha kuoshwa.

Leo usiku peleka chai barazani, ukae karibu naye. Usimwulize kwa nini alinuna. Mwulize ni yupi kati ya wale wanne aliyelia njiani.