Dodoma hadi Babati kwa gari: usiipite Kolo

Tangu lami ya Dodoma–Babati ifunguliwe rasmi mwaka 2018, kilomita zake 251 watu wanazimaliza bila kukanyaga chini. Inasikitisha, maana milima ya Irangi haionekani kwa spidi ya 100. Barabara hii inataka siku nzima, na katikati ya siku hiyo iwepo Kolo, penye michoro ya kale ya miambani.

Ondoka Dodoma saa 12 asubuhi, tenki likiwa limejaa. Maji weka lita tano kwa kila mtu, mbali na yale ya rejeta. Upepo wa tairi upime kabla hujawasha gari, zikiwa bado baridi. Zikishapata moto kipimo hupanda chenyewe, na anayeupunguza njiani hujikuta jioni anatembelea tairi laini, ambazo ndizo zinazochemka na kupasuka. Kagua pia spea na jeki, na uhakikishe spana ya nati inaingia kweli.

Kutoka Msalato, nje kidogo ya Dodoma, hadi Chemba ni mibuyu, vichaka na mchanga mwekundu. Hatari ya kipande hiki ni mifugo. Ng'ombe wa kwanza akivuka, usidhani umepita salama. Kundi liko nyuma yake, na mchungaji, mara nyingi mtoto, yuko mwisho kabisa. Simama, wavuke wote. Vijijini shika 50 kama kibao kinavyosema.

Ukikaribia Kondoa utaanza kuona makorongo, ardhi iliyochimbwa na maji hadi ikabaki kuta nyekundu. Mmomonyoko huo ndio ulioleta mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa Kondoa Irangi ili ardhi ipone. Masika usithubutu kuvuka korongo lenye maji kwenye njia za pembeni. Mvua huweza kuwa imenyesha milimani huku ulipo ni jua kali, na mchanga wa chini huliwa na maji tairi likiwa juu yake.

Kolo iko mbele ya Kondoa, kandokando ya barabara kuu. Anzia ofisi ya Mambo ya Kale: lipia, chukua mwongozaji. Njia ya kwenda kwenye michoro ni ya vumbi na mchanga, kwa hiyo gari la chini litakusumbua. Ukizama, usikanyage mafuta, utajichimbia zaidi. Punguza upepo hadi kama 20 psi, toka taratibu, kisha ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Kipande cha mwisho ni cha miguu na kina mwinuko mkali, hivyo vaa viatu vyenye meno na upande kabla jua halijawa la utosini.

Hapo juu ndipo Mungomi wa Kolo, mwamba wenye michoro. Ukiwa chini yake, lipe jicho muda. Mwanzoni utaona madoa tu. Baadaye linajitokeza umbo jembamba la mtu, jekundu, kichwa kikiwa na mistari kama nywele zilizosimama, pembeni mnyama. Michoro myeupe kwa kawaida ni ya baadaye. Ni urithi wa dunia tangu 2006, na kwa Warangi ni mahali pa matambiko hadi leo, kwa hiyo sauti iwe chini. Tafadhali sana, usimwagie maji ili rangi ing'ae. Maji yakikauka huacha chumvi juu ya mwamba, na chumvi hiyo hula rangi. Usiguse pia, hata kwa kidole kimoja.

Baada ya Bereko barabara inateremkia Babati. Shusha gia mapema, acha injini ilishike gari. Breki zinazokanyagwa mteremko mzima hupata moto na kuacha kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha, subiri zipoe, usizimwagie maji.

Ziwa Babati lina viboko. Litazame mchana, na ukitaka mtumbwi nenda na mvuvi wa pale pale. Jua likianza kuzama ondoka ufukweni: ndio muda wanaotoka kula majani, na kiboko akikukuta umesimama kati yake na maji, hapiti pembeni.