Jibu: Sigma 150-600 ya EF kwenye Canon R7

Kaka, umeuliza kama lenzi ya Sigma 150-600mm Contemporary ya mtumba, ile ya EF (mfungo wa Canon wa zamani), itakaa kwenye R7 yako yenye mfungo mpya wa RF, na kama adapta itaharibu picha. Itakaa. Adapta ya kawaida ya Canon haina kioo ndani. Ni pete tu yenye njia za umeme. EF hutaka milimita 44 kutoka mfungo hadi kwenye kihisi (kile kinachonasa picha), RF hutaka 20, basi adapta inajaza zile 24. Kwa R7, kwa kuwa kihisi chake ni kidogo, mm 600 zitaonekana kama 960 za kamera yenye kihisi kikubwa (full-frame).

Usilipe kabla ya kuifunga kwenye kamera yako palepale dukani na kujaribu fokasi ukiwa umevuta hadi mm 600. Ikisuasua, huenda inadai programu mpya, ambayo huingizwa kwa USB Dock ya Sigma, kifaa cha kuunganisha lenzi na kompyuta.

Sasa uzito. Lenzi hiyo ni karibu kilo 2, kwa hiyo usifunge kamera kwenye tripodi ukaiacha lenzi ikining'inia. Funga tripodi kwenye ile pete ya lenzi yenye mguu. Mguu wake wa asili hauna umbo la Arca-Swiss (reli inayoingia moja kwa moja kwenye vichwa vingi vya tripodi), utahitaji kibati kirefu cha kufunga chini yake. Lenzi ya Tamron 150-600 G2 inakuja na mguu wenye umbo hilo tayari.

Ingawa ndani ya Nairobi National Park tripodi ni mzigo tu, maana unapigia picha garini. Mimi huweka mfuko wa maharagwe dirishani: kitambaa cha soko la Gikomba, fundi cherehani, umemaliza. Zima injini kwanza. Na usiache mfuko ulowe, maharagwe ya wangu yaliwahi kuchipua!